Maandishi ya Chini ya Boneti

Mimi ni mtu wa hasira, na mwaka huu hasira yangu yote nimejimalizia mwenyewe, kwa hivyo usianze kunihurumia mapema. Nilichofanya nilikifanya mchana kweupe, akili zangu timamu, nikipiga mluzi. Nilichukua kitu pekee kilichobaki cha mtoto wa watu nikakipiga msasa mpaka kikang'aa, halafu nikasimama pembeni kungoja shukrani. Na shukrani nikapewa. Hapo ndipo panaponiuma.

Naitwa Jotham. Kwetu ni Vihiga, lakini huu ni mwaka wa saba nafanya kazi Dubai, kwenye theluji. Usicheke. Kuna jumba hapa, ndani ya jumba lingine kubwa la maduka, ambamo joto linashushwa mpaka chini ya sifuri na mitambo inatengeneza theluji, watoto waje wateleze wakiwa wamevaa makoti ya kukodi. Nje jua linachemsha lami, ndani mimi nimevaa glavu mbili mbili na koleo mkononi, nakwangua barafu iliyoganda kwenye ngazi na kusukuma theluji iliyorundikana mahali pasipotakiwa. Mama yangu huwaambia majirani kwamba mtoto wake anazoa barafu jangwani, na majirani humwambia aniombee.

Mzee Zahor nilimjulia ofisini kwake Deira, karibu na gati la mizigo. Nilikuwa nimepeleka friji isafirishwe mpaka Mombasa. Yeye ni Mzanzibari wa zamani, alikuja huku mimi sijazaliwa, na maisha yake yote amekuwa akisafirisha mizigo ya watu. Alipokuwa anaandika jina langu akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Theluji hii hii ya kuanguka?"

"Yetu haianguki, Mzee, inatemwa na mashine. Lakini ni theluji."

"Basi kaa kitako," akasema. "Mie nina mwanangu Kanada, kila siku ananieleza mambo ya theluji na sina wa kumuuliza kama anasema kweli au ananizuga."

Huyo mwana ndiye Mahfudh. Alikuwa na miaka arobaini na moja, hajaoa, fundi wa mabasi ya shule katika mji mdogo ambao jina lake sikuwahi kulitamka sawasawa. Sikuwahi kumwona ana kwa ana. Lakini kwa muda wa majira matatu ya baridi alikuwa rafiki yangu kuliko watu niliolala nao chumba kimoja, na nasema hivi bila kutia chumvi.

Huku Dubai majira ya baridi ndiyo majira ya kushika spana. Kuanzia Novemba mpaka Machi unaweza kukaa gerejini mchana bila kupikwa. Siku yangu ya mapumziko ni Jumanne, na kila Jumanne nilikuwa nakwenda kwa Mzee Zahor, Rashidiya, tunafungua kitu na kukifunga: pampu ya maji, jenereta la zamani, mashine ya kukatia majani ambayo hakuna mtu aliyeihitaji kwa sababu bustani yenyewe ilikuwa mchanga na mkomamanga mmoja. Haikuwa kazi. Ilikuwa raha ya watu wanaopenda kuona kitu kilichokufa kinawaka. Na saa kumi alasiri, ambayo kule Kanada ni saa moja asubuhi, simu ililia, na Mahfudh akawa nasi.

Yeye alikuwa na trekta. Si trekta ya shamba unayoifikiria. Ni ile ndogo ya bustani, imezidi pikipiki kidogo kwa urefu, ya mwaka sabini na nne, yenye bledi mbele kama ya tingatinga na minyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Aliinunua kwa mjane mmoja ikiwa imekufa kabisa, akaifanya kazi yake ya jioni kwa baridi nzima, nati moja baada ya nyingine, mpaka ikakohoa. Tangu hapo theluji ikianguka aliamka kabla ya kwenda kazini akawasafishia njia wazee saba wa mtaa wake, bure. Simu aliifunga karibu na usukani, sisi huku tukitazama weupe unapasuka mbele ya bledi na kulala pembeni.

Mama yake, Bi Tufaha, hakukosa hata siku moja. Akishaswali Alasiri alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji, kahawa mkononi, na simu ikakabidhiwa yeye kwanza.

"Vaa kofia," ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Nimevaa, mama."

"Hiyo si kofia, hiyo soksi umejivika kichwani. Nani kakuuzia?"

Halafu Mahfudh akanitafuta mimi. "Jotham, yakhe, hebu nambie. Leo inanata kwenye bledi, haitaki kutoka. Nyie na hiyo theluji yenu ya friji mnafanyaje?"

"Yetu ina adabu," nikamwambia. "Hiyo yako haijafunzwa. Paka bledi mafuta ya kupikia."

Alipaka. Wiki iliyofuata akasema jirani mmoja kamuuliza kama anakusudia kukaanga sambusa na hiyo trekta. Bi Tufaha alicheka mpaka kahawa ikamwagika, akaanza kunilaumu mimi kwamba namharibia mwanawe. Tulikuwa tunafurahi. Naandika hivi nikijua kwamba tulikuwa tunafurahi.

Februari ya mwaka jana Mahfudh alisafisha njia ya nyumba ya tatu, akazima injini, akabaki amekaa. Mwenye nyumba alidhani anapumzika. Alipotoka na chai akamkuta amekaa vilevile, mikono juu ya usukani. Moyo ulikuwa umesimama.

Walimzika kesho yake. Viza ya wazazi wake haikutoka, wala hata ingetoka wasingewahi. Usiku huo theluji ilikuwa imeziba makaburi, na rafiki zake wa msikitini, hawakuwa na namna, wakaiwasha trekta yake yeye mwenyewe wakafungua njia ya kumpitisha. Mzee Zahor alitazama kwenye simu. Bi Tufaha alikuwa amekaa kando yake lakini hakutazama, aliisikiliza tu injini.

Baada ya hapo Bi Tufaha akawa si yule. Chakula hataki, kuzungumza kwa nadra. Saa kumi alasiri bado alikuwa anatoka na kiti chake cha plastiki anakaa. Mwishowe bintiye, Ibtihal, aliyeolewa Maskati, akaja akamchukua, wakakubaliana atarudi kwa hitima ya mwaka.

Wale rafiki wa Kanada waliuliza wapeleke nini katika vitu vya marehemu. Mzee Zahor aliwajibu: nguo zitoeni sadaka, trekta nileteeni. Mtu aliyesafirisha mizigo ya watu miaka arobaini na tano hashindwi kusafirisha wa mwanawe. Ilifika Januari, katika sanduku la mbao. Tulibandua mbao pamoja. Alipoona kiti tu, kile kiti kilichochanika na kufungwa utepe mweusi, akageuka akautazama ukuta.

"Jotham," akasema, bado amenipa mgongo, "mama yake anarudi siku kumi zijazo. Nataka akija aikute inawaka. Aisikie. Mie siwezi kuishika, ishike wewe." Akanipa ufunguo wa gereji akaingia ndani, na hakutia mguu mle tena mpaka nilipomwita.

Inawaka. Ndicho alichotaka, na ningefanya hicho peke yake leo nisingekuwa na la kusimulia. Kabureta nilisafisha, plagi nikabadilisha, betri mpya, petroli mpya, na siku ya pili ikawaka. Zilibaki siku nane. Na mimi nilikuwa nimeshachukua likizo, ile likizo niliyoiweka akiba niende nyumbani Pasaka kuwaona wanangu. Nikaitazama ile trekta. Chumvi wanayomwaga barabarani kule ilikuwa imekula vyuma, kutu imechipuka kila kona, rangi imebanduka, matope ya Kanada yamekauka chini ya vifuniko vya magurudumu. Nikasema hapana. Mahfudh haji kwa mama yake akiwa hivi.

Elewa mahali nilikotoka. Kwetu Vihiga mtu akifa, kabla hajatolewa mochari boma linatengenezwa. Nyasi zinakatwa, nyumba inapakwa rangi, hata kama marehemu aliishi humo miaka ishirini na ukuta wenye nyufa. Marehemu mwenyewe ananunuliwa suti. Baba yangu hakuvaa tai maisha yake yote na tulimzika na tai. Hivyo ndivyo sisi tunavyomwambia mtu kwamba tulimpenda: hatumwachi aonekane amechakaa. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mama anayetaka kinyume cha hayo, anayetaka matope yenyewe na utepe wenyewe, kila kitu kama kilivyoachwa na mkono wa mwanawe. Mwaka wa saba ninaishi na watu wa kila kabila na bado sikufikiria.

Nikamwita Swaibu. Swaibu ni Mganda, mpaka rangi wa magari huko Al Quoz, mtu mpole anayesema polepole. Alikuja na kompresa yake Jumamosi. Tuling'oa kiti nikakitupa, nilikuwa nimeshaagiza kingine cha ngozi. Tuliondoa boneti tukailaza kifudifudi juu ya mbao, na Swaibu akainama.

"Huku ndani kumeandikwa," akasema.

Kweli kulikuwa kumeandikwa. Kalamu nyeupe, mwandiko mdogo uliolala vizuri, mistari imepangwa kutoka juu kwenda chini na kujaza boneti karibu yote. Niliinama nami nikasoma wa kwanza. Tarehe tisa Novemba. Ya kwanza, nyepesi kama unga wa mchele. Nikasoma wa pili. Tarehe ishirini na mbili Novemba. Nimemsafishia bibi wa nyumba ya kona, kanipa mkate wa tufaha.

"Ni rekodi za kazi tu," nikasema. Mafundi wote tunaandika chini ya boneti. Leo nimebadilisha oili, leo nimefunga mkanda mpya. Hata mimi, mashine ya kazini kwangu ina mwandiko wangu ndani, na akija fundi mwingine aufute wala sitajali.

"Piga picha basi," Swaibu akasema. "Watu wengine wanapendaga mambo kama haya."

"Wewe umeitwa kupaka rangi, paka rangi."

Ndivyo nilivyomjibu. Alikuwa anatoa msaada wa bure siku yake ya mapumziko, na ndivyo nilivyomjibu. Mimi nikachukua mashine ya msasa nikaanza kutokea juu, kwa sababu kutu ilikuwa imeingia huko na rangi haishiki juu ya kutu. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda. Kwenye wa tatu jicho langu lilishika maneno wakati mashine imeshafika katikati: tarehe nne Desemba, imeshuka usiku kucha, nimemkumbuka. Baada ya hapo palikuwa chuma kitupu. Nilipitisha mkono nikafuta vumbi, nikaendelea. Redio ilikuwa inacheza. Nilimaliza boneti nzima kwa muda wa kunywa chai.

Swaibu alipiga rangi ya chungwa tabaka tatu, nje na ndani. Ilikauka ikang'aa vizuri. Nilipiga picha kumi na moja, mimi nikiwa nimeegemea, mimi nikiwa nimekaa juu, nikaziweka kwenye simu watu wote wazione. Watu walisifu. Dada yangu Jecinta aliandika kutoka Nairobi kwamba huyo mama atanibariki mpaka watoto wangu.

Bi Tufaha alirudi Alhamisi, siku moja kabla ya hitima. Alikuwa amekonda, buibui limemzidi. Ibtihal alimshika mkono, Mzee Zahor mkono wa pili, na mimi nikafungua mlango wa gereji kama mtu anayefungua duka jipya. Bi Tufaha aliizunguka trekta mara moja. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Nifungulie hapa," akasema.

Nilifungua haraka. Nilidhani anataka kuona injini. Aliinama akatazama juu, upande wa ndani wa boneti, akatazama kwa muda mrefu, kisha akatia mkono akapapasa.

"Hata ndani tumepiga rangi, Bi Tufaha," nikamwambia. "Hakuna pa zamani hata kidogo."

"Yote umepaka?"

"Yote."

"Mashaallah," akasema. Alitoa mkono wake akautazama, ulikuwa safi. "Imependeza, mwanangu. Umejitaabisha sana. Mwenyezi Mungu akulipe."

Akaomba kiti. Mimi nikawasha injini na ikapokea mara moja, ikatulia, sauti ile ile. Mzee Zahor alilia kwa sauti. Bi Tufaha alikuwa analia kimyakimya, na mimi nikalia nao, nikajisemea moyoni: Jotham, leo umefanya kitu. Nilikuwa na furaha kiasi hicho. Nililala nayo wiki tatu nzima.

Jumanne tatu zilizofuata Mzee Zahor alinipigia nisije. Mama hajisikii vizuri, alisema, tutaonana inshallah. Sikushuku kitu. Jumanne ya nne, niko kazini nimeombwa kumshikia mtu zamu, simu ikalia na ikawa Ibtihal. Nikatoka kwenye baridi nikasimama koridoni, theluji inayeyuka kwenye viatu.

"Jotham, nina swali," akasema. "Kabla hamjaipaka rangi ile trekta, ulipiga picha?"

"Kumi na moja. Si uliziona?"

"Hizo za baadaye nimeziona. Kabla. Ndani ya boneti."

"Hapana," nikasema. "Ya kabla sina."

Akaniambia basi. Aliniambia taratibu, bila ukali, heri angenitukana. Mahfudh alikuwa anaandika chini ya ile boneti kila theluji iliyoanguka, miaka yote aliyokuwa na trekta, na pamoja na theluji aliandika jambo moja la siku hiyo. Alimwambia mama yake peke yake. Ilikuwa siri yao, kwa sababu baba angemwona mpuuzi. Alikuwa akimwambia: nikija huko nitakuja na boneti tu, mama, nitakusomea moja moja. Na alipokufa, mama hakuuliza picha wala nguo. Alikaa Maskati mwaka mzima akingoja boneti. Hakumwambia mumewe pia, aliona ikifika ataisoma peke yake.

"Mbona hakuniambia siku ile?" nikasema. "Alinishukuru. Ibtihal, mama yako alinishukuru."

"Alitukataza tusikwambie. Alisema kijana wa watu kafanya kwa mapenzi, mkimwambia mtamuua." Akaendelea: "Mie nisingekupigia. Lakini jana nimemkuta gerejini na tochi, kichwa kakiingiza ndani, anapapasa na vidole. Anasema labda kalamu iliacha alama kwenye chuma, labda inasikika kwa kucha. Nikaona nikuulize kama ipo picha."

Haikuwepo. Nilirudi ndani kwenye theluji nikafanya kazi mpaka zamu ikaisha, na kama kuna mtoto aliyenisemesha siku hiyo simkumbuki. Nilijitukana kwa Kiluhya, maana matusi ya lugha nyingine hayakutosha. Kisha nikampigia Swaibu nikamwomba radhi; nilimuuliza kama yeye alisoma zaidi, hakusoma. Alisema khalas, yamekwisha, ndugu yangu, na sauti yake ilikuwa ya huruma mpaka nikakata simu.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda Rashidiya. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Bi Tufaha mwenyewe alinifungulia, akanitazama usoni, akajua kwamba najua.

"Ibtihal huyo," akasema. "Mdomo wake haufungiki. Ingia."

Tulikaa sebuleni. Nilipiga magoti, ndiyo, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, nikamwambia nimekosa, nimemfuta mwanao kwa mikono yangu, nipige, nifukuze, fanya chochote. Alinishika bega akaniambia niinuke, magoti hayapigwi kwa binadamu.

"Nilikasirika," akasema. "Nisikufiche. Usiku ule sikulala, nilikukasirikia mpaka nikaogopa. Halafu nikasema, huyu alikuwa na wiki moja ya kwenda kuwaona wanawe, kaitumia kwa mwanangu. Hasira ikakosa pa kukaa. Lakini uchungu haukuondoka, mwanangu. Huo upo."

Akanyanyuka akaenda chumbani. Alirudi na daftari la shule na kalamu, akavaa miwani, akakaa karibu yangu kwenye kochi. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kuyaona maandishi yale," akasema. "Wewe na yule Mganda. Basi nisomee wewe. Ulichokiona, kama ulivyokiona."

Nikamwambia wa kwanza. Tarehe tisa Novemba, ya kwanza, nyepesi kama unga wa mchele. Aliandika polepole, namba moja pembeni, herufi kubwa kubwa. Akatabasamu. "Mchele," akasema. "Nilimfundisha kupepeta." Nikamwambia wa pili, bibi wa nyumba ya kona na mkate wa tufaha. Aliandika. Alikuwa anaandika kwa hamu sasa, amejisogeza mbele, na mimi nilikuwa najua kilichobaki mfukoni mwangu ni nusu ya mstari.

"Wa tatu," akasema.

"Tarehe nne Desemba. Imeshuka usiku kucha. Nimemkumbuka."

Aliandika mpaka hapo akasubiri. "Kamkumbuka nani?"

Ningeweza kusema. Hakuna mtu duniani ambaye angenikamata. Neno moja tu, "mama", na yule mwanamke angelala usingizi siku hiyo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilimjua Mahfudh, najua alivyokuwa akisema, ningeweza kumtungia mistari yote mpaka wa mwisho na pengine ningekaribia. Lakini nilishamwekea mwanawe rangi yangu mara moja.

"Sijui," nikamwambia. "Mashine ilikuwa imeshapita."

Hakuinua macho kwenye daftari. "Na wa nne?"

"Sikusoma, Bi Tufaha."

"Jaribu. Hata neno."

"Sikusoma. Nilisoma hiyo tu."

"Ilikuwa mingapi yote?"

Hilo nililijua, kwa sababu kabla ya kushika msasa niliihesabu kwa jicho nijue kazi ni kubwa kiasi gani. "Arobaini. Pengine imezidi kidogo, lakini arobaini."

Akatikisa kichwa. Aliandika namba nne pembeni mwa karatasi, akaacha mstari mtupu, akaandika namba tano. Aliandika sita, saba, nane, akateremka nazo mpaka chini, akafungua ukurasa wa pili na wa tatu, namba peke yake. Mimi nilikaa nikatazama kila moja. Alipofika arobaini alifunga daftari, akavua miwani, akaniuliza kama nimekula.